Amplifaya ya valvu: Kupiga benga chumbani bila kuamsha ploti nzima

Ukishuka matatu mjini Migori Ijumaa jioni, kabla kondakta hajakurudishia chenji yako sikio limekwisha kupokea gitaa. Latoka kwenye duka la simu, latoka kwa kinyozi, latoka ndani ya gari lililokuleta. Ukiendelea hadi Homa Bay, pale stendi inapoanza kunukia samaki, hali ni ile ile. Huku ndiko gitaa lilikofundishwa kutembea kwa mwendo wa nyatiti, kile chombo cha nyuzi nane cha Waluo, na kizazi baada ya kizazi vidole havijasahau.

Marehemu D. O. Misiani, aliyeitwa Mfalme wa Historia na mashabiki wake, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, upande wa Tanzania, mwendo mfupi tu kutoka mpakani. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei 2006, lakini Shirati Jazz yake haijanyamaza katika vilabu na maredioni. Naye mtayarishaji Oluoch Kanindo, ambaye pia aliwahi kuwa mbunge, alisambaza santuri za benga mpaka jina lake mwenyewe likawa jina la muziki huo kule Zimbabwe. Si jambo dogo hilo.

Sasa turudi nyumbani. Kijana wa chuo amerudi likizo na gitaa la stima alilonunua kwa akiba yake. Dada yake ni mtahiniwa wa kidato cha nne. Kuna mtoto mchanga chumba cha pili. Baba anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini. Kijana naye amesikia kwa wenzake kwamba gitaa bila amplifaya ya valvu si gitaa, na anataka mzazi amwongezee pesa. Je, apewe? Na akipewa, anunue ipi ili apige bila kugombanisha nyumba?

Swali hili si la anasa kama linavyoonekana. Mtoto asiyepata mahali pa kupigia huacha. Na gitaa la solo la benga si la kujifunza mara moja kwa wiki kanisani. Ni kazi ya vidole kila siku, noti moja moja, nyingi na za haraka, kila moja isikike peke yake kama punje za mtama zinavyodondoka kwenye sinia. Huo ndio ufunguo wa uchaguzi wote, na tutaurudia.

Chupa inayowaka

Valvu ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa, chenye uzi unaopashwa moto na vibati vya chuma ndani. Mmarekani Lee de Forest alitengeneza ya kwanza iliyoweza kukuza mawimbi mwaka 1906, na kwa miongo kadhaa redio nyingi zilitegemea vichupa hivyo. Wazee watakumbuka redio iliyokuwa ikichukua muda kabla ya kusema, huku ikiwaka taa ya manjano kwa nyuma. Transista ilivumbuliwa mwaka 1947, ikawa ndogo, baridi na rahisi, na valvu zikafukuzwa redioni.

Wapiga gitaa wengi walikataa kuachana nazo. Sababu ni kwamba valvu ikielemewa haikatiki ghafla. Sauti yake hujikunja polepole, ikawa nene na tamu. Transista ya kawaida ikielemewa hukwaruza kama bati linaloburutwa kwenye saruji. Wapigaji wa roki na bluzi wa Marekani na Uingereza waliipenda mno hiyo hali ya kuelemewa, na ndiyo iliyotukuza jina la valvu ulimwenguni.

Lakini ngoja kwanza, msomaji. Ni lini umesikia solo la benga likikoroma? Gitaa la Misiani, la George Ramogi au la Okatch Biggy ni safi kama maji ya mtungi. Sauti yake iko juu, haina ukungu, na waimbaji wakinyamaza katikati ya wimbo ili gitaa lishike, kila noti yahesabika. Kwa hiyo ushauri ule unaotoka ng'ambo, kwamba nunua amplifaya ndogo ya valvu kisha uifungue mpaka mwisho ikorome, haumhusu kijana wa Migori anayejifunza benga. Yeye atafuta usafi, na usafi hauhitaji kuelemea valvu yoyote.

Hesabu ambayo muuza duka hatakupigia

Watu wengi hudhani kwamba wati chache maana yake ni sauti ndogo. Wati tano, wanasema, ni kimya kuliko wati kumi na tano. Hebu tupige hesabu.

Spika ya kawaida ya gitaa, ikipewa wati moja tu, hutoa desibeli kama 95 ukiwa umesimama mita moja mbele yake. Mazungumzo ya kawaida mezani ni desibeli kama 60. Wati tano kwa spika hiyo ni desibeli 102. Wati kumi na tano ni desibeli kama 107. Tofauti ni tano tu! Sikio huhitaji tofauti ya desibeli kama kumi, yaani nguvu mara kumi, ndipo liseme sauti imeongezeka maradufu. Kwa hiyo amplifaya ya wati tano na ya wati kumi na tano ni ndugu wa tumbo moja. Zote zikifunguliwa zitamtoa mwenye nyumba kitandani.

Zipo siku hizi amplifaya ndogo za valvu zenye swichi ya kupunguza nguvu. Vox AC4TV, iliyotoka mwaka 2009, ilikuwa na wati nne, wati moja na robo wati. Robo wati! Mtu atasema hiyo ni ya kunong'ona. La. Robo wati kwa spika yetu ni desibeli 89, sauti inayoshinda televisheni iliyofunguliwa kwa nguvu wakati wa mechi.

Ukitaka kupiga kwa desibeli 65, yaani juu kidogo ya mazungumzo, spika hiyo yahitaji sehemu moja tu ya elfu ya wati. Moja ya elfu. Hapo valvu kubwa ya kutoa nguvu, ile inayosifiwa, iko kama lori la miwa la Awendo lililopakia mua mmoja. Haielemewi, haijikunji, haionyeshi ule utamu unaotangazwa. Kinachobaki kusikika ni valvu ndogo za mwanzo, transfoma, na zaidi ya yote spika na sanduku lake.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo mzazi anapopata jibu lake la kwanza. Amplifaya ya valvu kwa chumba kidogo ni kitu kizuri lakini si cha lazima, na bei yake huwa mara kadhaa ya ile ya transista. Kama pesa hiyo inatoka kwenye karo, mazungumzo yaishie hapo. Amplifaya ndogo ya transista yenye tundu la hedifoni itamfaa kijana, hasa msimu wa mitihani, maana nyingi za valvu hazina tundu hilo. Siku hizi kuna hata vidude vinavyochomekwa kwenye gitaa lenyewe, hedifoni zikachomekwa humo, na ploti nzima isijue kuna mpiga gitaa.

Ukiamua kununua

Tuseme pesa ipo na moyo umeamua. Kuna raha yake, sikatai. Valvu ndogo za mwanzo, zile zinazoitwa ECC83 au kwa jina la Kimarekani 12AX7, humjibu mpigaji kwa namna inayofuata kidole: ukigusa taratibu hunong'ona, ukipiga kwa nguvu hujitokeza. Kwa mtu anayejifunza kudhibiti vidole, hiyo yaweza kuwa mwalimu.

Tafuta iliyo rahisi kabisa kwa ndani, yenye valvu moja tu ya nguvu. Mfano maarufu ni Fender Champ, wati kama tano na valvu moja ya 6V6, ambayo ukoo wake ulianza mwaka 1948. Nyingine za jamii hiyo hutumia EL84, valvu ambayo kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1953 kwa ajili ya redio. Huenda ile redio ya babu iliyo juu ya kabati kule Rangwe inayo ndani yake. Uzuri wa amplifaya za valvu moja ni kwamba kwa kawaida valvu ikifa unachomoa unachomeka nyingine, bila kurekebishiwa na fundi. Na mafundi waliowahi kushika valvu wanazidi kupungua. Wengi waliobaki ni wazee.

(Nikiwa hapo: usikubali mtu akugeuzie redio ya babu iwe amplifaya ya gitaa. Baadhi ya redio hizo hazikuwa na transfoma ya kuzitenga na stima, kwa hiyo chuma chake chote chaweza kuwa na umeme. Nyuzi za gitaa nazo ni chuma.)

Jambo la kuangalia kuliko wati ni vifundo. Amplifaya yenye kifundo kimoja tu cha sauti mara nyingi huruka: ukiizungusha kidogo kimya, ukiongeza unywele mmoja kelele. Yenye kifundo cha pili cha mwisho, kile ambacho wapigaji hukiita masta, hukuruhusu kupanga sauti kwa utulivu. Swichi ya kupunguza nguvu pia husaidia kwa hili, ingawa si kwa sababu ile inayotangazwa. Husaidia kwa kukupa nafasi zaidi ya kuzungusha.

Kisha spika. Kwa solo la benga, spika ya inchi 8 inatosha kwa sababu noti zenyewe ziko juu, ingawa ya inchi 10 ina kifua zaidi. Lakini ndugu yake akija na gitaa la besi asiruhusiwe kulichomeka humo. Besi huchana karatasi ya spika ndogo.

Mwangwi wa ndani ni jambo la hiari. Kidogo hupendeza, mwingi huficha makosa, na mwanafunzi anayefichiwa makosa hajifunzi.

Kuna lile la masikio pia. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell kule Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu husikia besi hafifu kuliko ilivyo. Ndiyo sababu amplifaya iliyokuwa tamu dukani kwa sauti kubwa huonekana nyembamba chumbani. Si mbovu. Ongeza besi kidogo, na noti za juu kidogo sana, utaipata tena. Na hii ndiyo sababu ya kuijaribu dukani kwa sauti ndogo. Beba gitaa lako mwenyewe. Muuzaji atataka kuifungua ili wateja wa jirani wasikie; mwambie kwa heshima, "Kaka, nipigie kama mtoto amelala." Kisha nyamaza usikilize ule mngurumo wa chini gitaa likiwa halipigwi. Amplifaya za valvu moja hunguruma kidogo kwa asili yake, na mngurumo usiosikika pale Luthuli Avenue mchana utausikia vizuri sana saa nne za usiku Homa Bay.

Stima haina mzaha

Kenya hutumia volti 240. Marekani ni 120 na Japani 100. Shangazi aliyeko Minnesota akituma amplifaya kwa upendo wake, angalia kibandiko cha nyuma kabla ya kubadilisha plagi. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua, na harufu yake hutaisahau. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, iliyo na uwezo zaidi ya ule ulioandikwa kwenye amplifaya. Hata hivyo si kila amplifaya itatulia: stima ya Marekani hupiga mizunguko 60 kwa sekunde na yetu 50, na transfoma iliyoundwa kwa 60 tu huchemka ikipewa 50. Tafuta palipoandikwa 50/60. Rahisi zaidi ni kununua iliyotengenezwa kwa soko la volti 230 au 240.

Waya wa ardhini ndio uhai wenyewe. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake Uingereza akipiga gitaa la stima ambalo halikuwa limeunganishwa na ardhi ipasavyo. Hakuwa jukwaani kwenye mvua, alikuwa nyumbani. Amplifaya nyingi za kale zina waya mbili tu. Na ploti nyingi zetu zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la tatu halikuunganishwa na kitu. Mwite fundi wa stima apime kabla ya siku ya kwanza. Ukigusa nyuzi na kuhisi mdudu anatembea kwenye vidole, zima, chomoa, usiendelee hata kama wimbo umenoga.

Ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti mia tatu na zaidi, nazo huweza kubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa plagi. Mtoto asifungue. Baba pia asifungue.

Mambo mengine ya stima ni ya kawaida ya kwetu. Umeme ukipotea na kurudi kwa kishindo, kile kifaa cha kulindia friji kitalinda amplifaya vile vile. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, kwa hiyo mawingu yakijikusanya upande wa ziwa, plagi itoke ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Wenye sola wajue kwamba amplifaya ya wati tano za sauti hula wati kama 40 za stima muda wote iwakapo, upige usipige, maana zile nyuzi za ndani ya vichupa lazima ziwake. Ya transista itaridhika na sehemu ndogo tu ya hizo.

Na kamwe usiwashe amplifaya ya valvu ikiwa spika imechomolewa kwa nia ya kuinyamazisha. Transfoma ya kutolea sauti yaweza kuungua, na hiyo ni miongoni mwa gharama kubwa humo ndani.

Chumba chenyewe

Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa nchini mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinaweka kiwango cha desibeli 35 usiku katika makao ya watu. Hata kikohozi hupita hapo! Lakini zinakuonyesha jirani ana haki ya nini, na mwenye nyumba akibisha hodi saa tatu na kusema, "Mwanangu, watu wanalala," hana haja ya kubishiwa.

Ploti nyingi za Migori na Homa Bay zina kasoro moja ambayo mpiga gitaa lazima aijue: kuta zake hazifiki kwenye mabati. Sauti hupanda, ikateleza chini ya bati, ikashuka kwa jirani wa tatu kama mgeni aliyealikwa. Kuziba mlango kwa blanketi hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kuelekeza spika. Watu huweka amplifaya sakafuni, wakasimama. Sauti inapiga magoti, masikio hayapati kitu, mkono unaongeza. Iweke juu ya kiti, elekeza usoni pako, kaa karibu nayo. Utashangaa jinsi utakavyoipunguza. Nyuma yako weka godoro lililosimamishwa, au keti mkabala na kitanda chenye blanketi nzito, ili sauti ikishakupita ife humo. Isiegemee ukuta wa bati.

Mkubaliane saa. Jioni kabla ya chakula ni bora kuliko baada yake. Mvua ikinyesha juu ya mabati bila radi, hapo mpigaji ana ruhusa ya Mungu, hakuna atakayemsikia, labda hata yeye mwenyewe.

Valvu huunguza kidole kama chungu kilichotoka jikoni, kwa hiyo nyuma ya amplifaya pasiwe na mtoto wala pazia. Mende hupenda joto lake, kwa hiyo ifunike kwa kitambaa ikishapoa, si kabla. Ikisafirishwa kwa bodaboda ishikwe wima mapajani, isifungwe kwenye kerea, kwani mitikisiko hulegeza valvu kwenye soketi zake.

Viwanda vinavyotengeneza valvu vimebaki vichache duniani, wengi wakitegemea vile vya Slovakia, Urusi na China. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022, valvu za Urusi ziliadimika kwa muda na bei zikapanda kila mahali. Hapa kwetu hazipatikani kila duka hata nyakati za amani. Basi siku unaponunua amplifaya, nunua papo hapo valvu moja ya nguvu ya akiba, ECC83 moja, na fyuzi mbili za kiwango kilichoandikwa nyuma. Zifunge kwa kitambaa laini, uziweke ndani ya kopo la Blue Band, na uandike juu yake ni za nini, la sivyo mtu ataweka vifungo humo.